Jina la Usharika: Kuhifadhi Historia ya Wahamiaji wa Kiswidi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi nyote mliofika jioni hii,

Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1930, Waswidi wapatao milioni 1.3 waliihama nchi yao, wengi wao wakielekea Marekani. Mashamba yaliyokuwa yakigawanywa kizazi baada ya kizazi hayakutosha tena kulisha familia, na njaa ya mwaka 1867 hadi 1869 iliwasukuma hata waliokuwa wakisitasita. Wengi walipanda meli Göteborg, wakashuka Hull, wakavuka Uingereza kwa treni hadi Liverpool, ndipo wakaianza safari ya Atlantiki.

Tukiulizwa historia yao imehifadhiwa wapi, tutataja makumbusho ya Philadelphia na Minneapolis huko Marekani, na ya Växjö huko Uswidi, nayo yanastahili heshima. Mimi, hata hivyo, naamini hazina yao kubwa ni daftari la kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji wawaandikishe waumini wao, na desturi ikawa mchungaji kuwapima watu wa kila kaya kusoma na Katekisimo, yaani mafundisho ya msingi ya imani. Tazameni ukurasa mmoja wa daftari hilo: mkulima, mkewe, watoto, kisha watumishi, kila mmoja na tarehe yake ya kuzaliwa na usharika alikozaliwa, pamoja na alama za usomaji wake. Pembeni kabisa imeandikwa alikohamia. Aliyeondoka jina lake limepigwa mstari wa wino, na mwisho wa mstari huo mara nyingi utasoma neno moja, Amerika. Kila ninapouona mstari wa namna hiyo huniwia vigumu kuufunua ukurasa unaofuata.

Majina yenyewe yanahitaji uangalifu. Kama kwetu Juma Hamisi alivyo Juma mtoto wa Hamisi, vivyo hivyo kijijini kwao mwana wa Anders aliitwa Andersson, na binti wa Johan akaitwa Johansdotter. Walipofika Marekani jina liliganda, Johansson akawa Johnson, likarithiwa na wajukuu wasiojua lilitokana na nani. Mjukuu anayejua tu kwamba babu yake aliitwa Johnson na alitoka Uswidi hana pa kuanzia; akilijua jina la usharika, daftari linamfungukia. Kwa bahati njema, sharika za Augustana, kanisa lililoundwa na wahamiaji wenyewe mwaka 1860, ziliendelea kuandika huko Marekani mahali alipozaliwa muumini, na nakala za madaftari mengi zimetunzwa Rock Island, Illinois.

Barua ndizo zinazonitia hofu. Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, gavana wa jimbo la Iowa huko Marekani alipiga marufuku lugha za kigeni mashuleni, makanisani, hata kwenye simu, na shinikizo la namna hiyo liliharakisha kufifia kwa Kiswidi majumbani. Leo familia ina sanduku la barua za bibi, zimefungwa kwa utepe, wala hakuna anayeweza kuzisoma. Kuzipiga picha na kuziweka kwenye intaneti ni nusu tu ya kazi. Lazima apatikane mtu anayeujua mwandiko wa zamani, azinakili neno kwa neno, kisha zitafsiriwe, na picha zilizomo ziandikwe majina angali yupo mzee anayezitambua sura.

Kazi hii inatufikia hata sisi. Katika miaka ya 1920 kanisa hilohilo la Augustana lilituma wamisionari Tanganyika, wakafanya kazi Iramba na Singida. Maisha yao huko ni sehemu ya historia ya uzao wa wahamiaji wale, na sehemu hiyo haimo katika madaftari ya Uswidi. Wazee wa Kiomboi waliosomeshwa au kutibiwa na misheni hiyo waulizwe sasa, kwa Kinyiramba au Kiswahili, na kila jibu liandikwe pamoja na jina la kijiji, jina la usharika na mwaka.