Kuruta wa Mafinga: Kwata, Lindo na Chenja

BARAKA: Karibuni tena. Leo Rehema kakalia kiti cha moto, maana yeye kapita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Mimi zamani zangu mafunzo hayo yalikuwa yamesitishwa.

REHEMA: Yalisimama 1994, yakarudi 2013. Umepenya hapo katikati, kaka Baraka.

BARAKA: Kihalali kabisa! Haya, walikupeleka wapi?

REHEMA: Mafinga, Iringa, kikosi cha jeshi 841 KJ. Mimi mtoto wa Tanga, baridi naijua ya friji. Orodha ya vifaa inataka bukta ya bluu isiyo na zipu, ifike magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, halafu nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Mama akanifungia sweta. Moja! Mafinga, mwezi wa sita!

BARAKA: (anacheka) Lakini watu wanachoogopa ni mabio.

REHEMA: Mabio mwili unazoea. Usingizi ndio hauzoeleki. Filimbi inalia saa kumi alfajiri, giza totoro, mnatoka hanga, bweni letu, mbio kwenda kuhesabiwa. Mchakamchaka, usafi, uji, kwata, yaani gwaride, mpaka jua la utosi, baadaye jembe au fyekeo, jioni mnahesabiwa tena. Usiku una lindo. Mimi nilipangwa kulinda tangi la maji. Sasa tangi nani atalibeba? Lakini afande akikukuta umesinzia, umekwisha. Kesho yake kwenye somo la uzalendo, chini ya mti, watu wanadondoka kama maembe.

BARAKA: Na kwata?

REHEMA: Kuna mwenzetu mkono wa kulia ukienda mbele, mguu wa kulia nao huo. Akienda zake kula anatembea vizuri tu. Asikie "mbele tembea", kavurugika! Afande akamtoa, akamtembeza peke yake, eti asalimie miti. Sisi tumekaa chini, kucheka marufuku. Hiyo ya kutocheka ilikuwa adhabu kuliko yake.

BARAKA: Wewe ulitokaje salama?

REHEMA: Chenja, kaka. Zile nyimbo za mchakamchaka: mmoja anaimbisha, kombania nzima, kundi lenu lote, inaitikia. Nikifuata tu, naishiwa pumzi kabla ya kilima. Siku nimeimbisha, nikafika juu naongea! Ukiimbisha, wenzako wakiitikia wewe unavuta pumzi. Halafu mwendo ni wako, ukipoza wimbo na miguu inapoa. Basi kila alfajiri mkono juu, naomba kuimbisha. Wenzangu wakajua nina kiherehere.

BARAKA: Kumbe ujanja! Ila msidhani kulalamikia JKT mmeanza nyinyi. Lilianzishwa Julai 1963, na Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam wakaandamana mpaka Ikulu. Hawakutaka kulazimishwa, wala kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakiwa kwenye utumishi. Rais, Mwalimu Nyerere, akawafukuza karibu 400. Hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

REHEMA: Kwa makato hayo na mimi ningeandamana, nisikufiche. Sisi ilikuwa miezi mitatu, na mshahara wa kukatwa hatuna.

BARAKA: Msikilizaji wetu wa Tabora mdogo wake anakwenda mwaka huu. Umwambie nini?

REHEMA: Raba anunue mapema, azivae nyumbani zilainike. Malengelenge ya wiki ya kwanza yanamtesa mtu kuliko afande yeyote. Halafu nauli. Orodha inasema ya kwenda na kurudi, watu wanaimalizia dukani kwa soda na maandazi. Siku ya kufunga mafunzo unawaona wanazunguka kukopa.

BARAKA: Wewe ulikopa?

REHEMA: Nilikopesha! Kuna mtu yuko Mwanza, kama ananisikia, bado namdai.