Kidole Katikati ya Uzi

Walimu wenzangu, wanaonifahamu hapa Nairobi wamelisikia hili mara nyingi, na leo nalirudia: msiandike fomula ubaoni kabla mwanafunzi hajausikia uzi ukilia.

Huu ni uzi wa tano wa gitaa, wa A. Naupiga wazi. (Anapiga.) Mtasema ni hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde. Ni kweli, lakini zimo pia 220, 330, 440 na kuendelea, zote kwa wakati mmoja, kwenye uzi huo huo! Sasa nauwekea kidole katikati, juu ya freti ya 12, kile kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa. Nagusa tu, sibani. Napiga, naondoa kidole. (Anapiga.) Imepanda oktava moja, yaani hezi zimekuwa maradufu: 220.

Kidole kimefanya nini? Nikiuliza hivyo, najibiwa kwamba kimeukata uzi vipande viwili. Jamani, kidole kimeshaondoka! Uzi bado ni mmoja, umefungwa miisho miwili tu. Kilichotokea ni kwamba kila mtetemo uliohitaji kucheza pale katikati umezimwa: wa kwanza (110), wa tatu (330), wa tano (550). Wa pili, wa nne na wa sita imebaki, kwa sababu kila mmoja una fundo pale pale, yaani mahali ambapo kwake uzi hautikisiki. Kwa hiyo 220 hiyo haikuumbwa na kidole. Ilikuwemo tangu mwanzo, ikifunikwa na 110.

Kuna mtu ananong'ona hapo nyuma: je, ukigusa penginepo? Theluthi ya uzi, freti ya 7, nasikia 330. Robo, freti ya 5, ni 440. Nikigusa ovyo tu, inatoka sauti kavu inayokufa papo hapo, maana nimezima karibu yote.

Halafu geuzeni jambo lenyewe. Ukiudonoa uzi katikati, unakosa ya pili na ya nne, kwa kuwa mtetemo hauamki ukidonolewa kwenye fundo lake. Mpiga gitaa la benga akitaka sauti kali husogeza mkono karibu na daraja, pale uzi unapoegemea kwenye mwili wa gitaa.

Usiniambie shule haina gitaa. Waya, ubao na misumari miwili vinatosha. Hata orutu, fidla ya Waluo, ina uzi mmoja tu.

Mvutano wa uzi, yaani ulivyokazwa, naupitia haraka, muda umekwisha. Mersenne, mtaalamu Mfaransa, aliuandika mwaka 1636: kupata oktava kwa kukaza, mvutano uwe mara nne, si mara mbili. Hilo msilijaribu kwenye gitaa langu, uzi utakatika. Jaribuni la katikati. Nani anakuja?