Msimbo ni wa bure, njia ina mwenyewe
Mhadhara kwa wajenzi wa programu huria, Lubumbashi

Jambo sana, wababa na wamama, ndugu wanafunzi.

Kompyuta hii ina Debian, mfumo endeshi huria. Naandika openssl list -disabled, amri ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, inayoonyesha njia zilizozimwa. Tazameni ukutani: IDEA, MDC2, RC5. Hazikuharibika. Aliyejenga kifurushi alizizima kwa maneno matatu: no-idea, no-mdc2, no-rc5. Ni njia za usimbaji, na zote ziliwahi kuwa na hataza, ile tunayoita breve: haki ya mvumbuzi juu ya njia yake. Ya IDEA iliisha Marekani mwaka 2012, lakini neno la kuizima halikuondoka nayo. Hataza hufa, alama yake hubaki ndani ya mashine.

Wengi huchanganya hapa. Leseni ya GPL au MIT inakuruhusu kunakili msimbo. Hataza hailindi maandishi, inalinda njia. Ungeandika RSA, njia ya kusimba kwa funguo mbili, mwenyewe mwanzo hadi mwisho, bila kuazima hata nukta, mwenye hataza bado angekudai.

RSA hiyo ilipewa hataza namba 4,405,829 tarehe 20 Septemba 1983, Marekani peke yake, maana wagunduzi walishaitangaza njia yao hadharani kabla ya kupeleka maombi Desemba 1977, na nchi nyingi hazitoi hataza kwa kilichokwisha tangazwa. Basi programu moja inayotumia RSA ikajengwa kwa namna mbili. Ulaya walitumia msimbo wa RSA uliomo ndani yake. Mmarekani asiye na leseni ya kulipia aliiunganisha na RSAREF, maktaba iliyoruhusiwa kwa kazi zisizo za biashara.

Sasa sikilizeni vizuri. RSAREF ilitenga nafasi ya ufunguo wa biti 1024, bila kupima urefu wa ufunguo unaoingia. Desemba 1999 dosari ikatangazwa: ufunguo mrefu zaidi unafurika nje ya nafasi yake, na mshambuliaji anaweza kuendesha amri zake kwenye seva. SSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, iliyojengwa na RSAREF ilikuwa wazi, iliyojengwa bila RSAREF haikuguswa na shimo hilo. Aliyetii hataza ndiye aliyeacha mlango wazi. RSA ikaachiwa watu wote tarehe 6 Septemba 2000, wiki mbili tu kabla ya kuisha. GnuPG 1.0, programu huria ya kusimba faili na barua, ya mwaka 1999, ilikuwa imetoka bila RSA, ikitegemea njia nyingine, ElGamal na DSA.

Mtasema: hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Kweli, hataza haivuki mpaka wa Kasumbalesa. Kongo ina sheria yake ya mwaka 1982 na haimo ARIPO, shirika la nchi za Afrika la hataza, Zambia imo. Lakini kifurushi kinavuka. Fedora, mfumo mwingine huria, iliondoa mikunjo ya duaradufu, aina nyingine ya usimbaji, ndani ya OpenSSL hadi 2013, kwa kuogopa hataza, na aliyeishusha hapa mtaani Kamalondo alipata pengo lilelile. Seva yenye cheti cha ECDSA pekee, sahihi inayotumia mikunjo hiyo, ilimkatalia: pande mbili hazikupata algoriti ya pamoja, muunganisho ukakatika kabla ya ukurasa kufunguka.

Kwa mnaotoa programu zenu: MIT haitaji hataza kabisa. Apache 2.0, kifungu cha 3, inampa mtumiaji ruhusa ya hataza za kila mchangiaji, na anayeshitaki kwamba programu hiyo imevunja hataza yake hupoteza ruhusa hiyo. GPLv3 hufanya kazi inayokaribia hiyo katika kifungu cha 11. GPLv2, kifungu cha 7, ni kali: kama hataza inakuzuia kuwapa wengine uhuru uleule, usisambaze kabisa. Ila hakuna leseni inayomfunga mtu baki ambaye hakuchangia msimbo. Kwa hiyo mimi ningechagua AES au ChaCha20, njia za kusimba zisizodaiwa hataza, kabla ya kuchagua leseni.

Na mwenye faili za zamani za PGP, zilizosimbwa kwa IDEA, asizitupe. Andika gpg --version, amri ya GnuPG. IDEA ikikosekana kwenye orodha, pandisha libgcrypt, maktaba ya usimbaji ya GnuPG, hadi 1.6 au zaidi, au GnuPG 1.4.13 kwa wa tawi la zamani. Fungua faili, kisha isimbe upya kwa AES256 siku hiyohiyo.