Jina la Pili ni Nani?

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama mlangoni, hamjambo? Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, na mbili zimeshaliwa na maikrofoni. Niingie moja kwa moja.

Aliyewahi kutafuta nyumba Nairobi analijua swali hili. Umeona kibao getini, umepiga simu. Kodi mmeelewana, maji yapo, stima ni ya tokeni. Kimya kidogo, kisha: "Na jina la pili ni nani?" Mnacheka! Mwenye nyumba hapo si risiti anayoiwaza. Anataka kujua kwenu ni upande gani. Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu kuangalia bedsita. Keateka alikuwa ameshatoa funguo mfukoni. Aliposikia jina akazirudisha, akasema kuna mtu wa asubuhi ameshalipa dipoziti. Tulipita pale wiki mbili baadaye, kibao bado kinaning'inia.

Swali hilo tumelirithi. Jiji hili lilianza 1899 kama kambi ya reli, na wakoloni wakaligawa kwa rangi: Mzungu Muthaiga na Kileleshwa, Mhindi Parklands na Ngara, Mwafrika akasukumwa huku mashariki. Hata hapa alihesabiwa mgeni wa kazi, wa kupewa kitanda alale, mwisho wa kandarasi arudi kwao. Kaloleni hii tulimokaa, ya miaka ya 1940, ilijengwa ikimfikiria mtu mwenye mke na watoto, na wakati ule hilo lilikuwa jambo geni.

Uhuru ulipokuja, rangi iliondoka kitini na pesa ikakaa. Kule chini ambako pesa hakuna, kabila likabaki mlinzi wa mlango. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera na Mathare, wenye nyumba na wapangaji walifukuzana, na watu wakahamia upande walioambiwa ni wao.

Mitaa ya wenye nacho haina haja ya kuuliza jina. Nilihudhuria kikao kimoja cha ushirikishwaji wa umma, mtaa sitautaja, kuhusu ghorofa za kupangisha. Walianza na maji taka, na hapo walikuwa na haki: bomba lililotandazwa kwa ajili ya nyumba ishirini zenye bustani halibebi familia mia tatu. Wakaingia kwenye foleni ya magari. Halafu mzee mmoja akasimama, taratibu kabisa: "Hawa watakaokuja, tunawajua?" Ukumbi ukapiga makofi kuliko ulivyopigia maji taka.

Jamani, mnawajua! Ndio wanaowafulia, wanaowalindia geti, wanaowakatia sukuma. Kila alfajiri wanatembea kwa miguu kutoka Kawangware kuingia Lavington, na jioni njia ni ile ile. Mchana ni watu wazuri sana. Tatizo ni wakilala.

Kikao hicho kilikuwa na karatasi ya mahudhurio: jina, simu, nambari ya kiwanja. Binti aliyekaa mbele yangu, mpangaji wa miaka sita mtaani humo, aliuliza aandike nini safu ya tatu. Akaambiwa, "Acha tu." Akaacha. Ripoti ilipotoka ilisema wenye viwanja wamepinga, na yeye hakuwamo popote.

Katiba yetu, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Cha 43 kinataja makazi ya kutosha. Tangu 2024 kuna sheria inayokata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kumbe kukatwa tunakatwa sote, hata yule binti. Lakini nyumba zikae wapi ni siasa, na jiji lina wadi 85. Mwakilishi wadi anajua hesabu: mwenye ploti anapiga kura hapa, wapangaji wengi wenu mmejiandikisha ushago, kule kijijini. Desemba mnapanda basi, na mwaka wa kura mnapanda tena. Sasa akusikilize wewe kwa nini?

Usinikasirikie, mama, hata mimi kadi yangu ya kura ilikuwa kijijini hadi juzi.

Karatasi ya leo inazunguka, naiona imefika safu ya nyuma. Ile sehemu ya nambari ya kiwanja nimeikata kwa kalamu. Andikeni jina, simu, na miaka mliyokaa mtaani. Haya, maswali.