Modeli Hujifunza Usichoiambia

Ndugu zangu, habari za jioni. Ukitaja picha za njozi za zamani, watu huwaza joka, upanga na shujaa kifua wazi. Hivyo modeli ya picha, yaani programu ya akili bandia inayochora kwa kufuata maneno yako, inavijua tayari, huna haja ya kuifunza. Unachoifunza ni mkono wa mchoraji.

Mkono wa nani, basi? Frank Frazetta, aliyechora majalada ya vitabu vya Conan, shujaa wa upanga, kuanzia 1966, alipenda giza zito na rangi chache za udongo. Mwili unaishilia kizani hata hujui umekomea wapi. Larry Elmore, mwenye lile joka jekundu la boksi la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons la 1983, huchora kweupe, gamba kwa gamba. Ukiwatia folda moja ya picha za kufunzia eti wote ni wa zamani, utapata picha isiyo ya huyu wala ya yule. Chagua mmoja.

Picha thelathini nzuri zinatosha. Tunatumia LoRA, mbinu iliyotolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2021 kwa ajili ya modeli za lugha: modeli kubwa haiguswi, unafunza kipande kidogo kinachopachikwa juu yake.

Kazi ngumu ni maelezo ya kila picha. Ukiandika "shujaa, upanga, theluji", modeli inaelewa kwamba hivyo ni vitu vya kuja na kuondoka. Usichokiandika, ila kinajirudia picha baada ya picha, kinaingia kwenye lile neno utakalolitumia kuuita mtindo. Ndiyo maana wengi hawaandiki kabisa habari za brashi wala za vivuli vya kahawia.

Sasa sikilizeni vizuri. Michoro ile ilipigwa picha, ikachapwa kwa nukta za wino wa rangi nne, karatasi ikakaa miaka arobaini ikageuka njano, ndipo mtu akaiskani. Modeli haijui kipi kafanya Frazetta na kipi kafanya mtambo wa uchapaji. Unjano, nukta, mkunjo wa jalada, hata saini ya pembeni, vyote inavibeba kama mtindo. Wapo wanaoutaka unjano huo, na mimi sina ugomvi nao. Lakini ukimtaka mchoraji mwenyewe, tafuta picha zilizopigwa kutoka kwenye turubai, na ukate maandishi yote ya jalada.

Kuhusu haki: hakimiliki hailindi mtindo, inalinda michoro, na michoro ndiyo unayoinakili kwenye folda. Januari 2023 wasanii, Karla Ortiz akiwemo, waliishtaki Stability AI, kampuni ya modeli za picha, huko Marekani kwa kufunza modeli kwa michoro yao bila idhini, na malalamiko yao ninayaelewa. Elmore yu hai, mwombeni kwanza.

Mkimaliza, iambieni modeli ichore kitu ambacho hakimo kwenye folda, tuseme baiskeli. Ikija baiskeli yenye mwanga ule na brashi ile, imeiva. Akija shujaa na upanga wake, mmeifunza kupita kiasi. Rudini kwenye nakala ya mafunzo mliyohifadhi mapema zaidi.