Kumnoa Dereva Mwenye Leseni

Waheshimiwa wageni, mabibi na mabwana, ninyi wenye magari yenu na ninyi mnaosimamia magari ya kampuni, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja kunisikiliza. Kazi yangu ni kuwafundisha watu ambao tayari wana leseni. Wengi wakisikia hivyo huniuliza: mtu kafaulu mtihani siku nyingi, anaendesha mwaka wa kumi na tano huu, unamfundisha nini tena? Nitalijibu swali hilo, na nitaanza na lori.

Dereva mmoja wa idara ya mauzo, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20, aliletwa kwangu na mwajiri wake baada ya kugongwa kwa nyuma mara 2 ndani ya mwaka mmoja. Mara zote mbili kosa liliandikwa kwa aliyemgonga. Mwajiri alitaka nimfundishe namna ya kushika breki. Nikaomba kitu kingine: twende naye njia anayopita kila siku, kwa gari lilelile la kazini, saa ileile anayotoka. Dakika 20 za mwanzo nilikaa kimya. Kisha nikamuuliza, "Ndugu yangu, nyuma yetu kuna nini?" Akajibu papo hapo, "Gari dogo." Nyuma yetu kulikuwa na lori lenye tela, na lilikuwa limetufuata kwa kilomita 3 na ushee.

Akatupa jicho kwenye kioo, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshaona alichokuwa akikiangalia muda wote ule: taa za nyuma za gari lililomtangulia, na lilikuwa mbele yake kwa nafasi ya kama magari mawili. Taa zikiwaka, anashtuka na kukanyaga breki kwa nguvu. Zikizimika, anakanyaga mafuta. Aliye nyuma yake hapati hata dalili kwamba mwenzake anataka kusimama. Ndivyo alivyogongwa mara mbili, akiwa na haki kabisa kwa mujibu wa sheria.

Kosa la namna ile huwezi kulikuta darasani, wala kwenye uwanja wenye koni za plastiki. Lilijitokeza kwa sababu tulikuwa kwenye njia yake, katika foleni yake, na haraka yake ya asubuhi. Na yeye mwenyewe asingeweza kuniambia, kwa maana nyani haoni kundule. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Ola Svenson alichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa Uswidi na Marekani walitakiwa kujilinganisha na madereva wenzao. Kwa upande wa ustadi, asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka katika nusu ya walio bora. Nusu moja ya watu haiwezi kubeba asilimia 93. Sisemi kwamba madereva ni watu wa majivuno. Barabara humsamehe mtu makosa mengi mno kabla ya kumwadhibu, na kila siku anayofika salama anaihesabu kuwa ushahidi kwamba anaendesha vizuri.

Kwa hiyo mafunzo ninayoyaamini huanza kwa kumtazama mtu. Kabla ya kuwasha gari naangalia anavyokaa: je, akikanyaga klachi au breki hadi mwisho, goti linabaki limekunjwa kidogo? Viganja vyake vinafika juu ya usukani bila mgongo kuachana na kiti? Vioo vya pembeni vinamwonyesha barabara, au vinamwonyesha milango ya gari lake? Baada ya hapo nakaa na kutazama. Ninaandika mambo mengi, lakini mwishoni ninamwambia moja au mawili. Mtu mzima ukimtajia makosa kumi na mawili kwa mpigo, atajitetea kwa yote na hatarekebisha hata moja.

Chombo changu kikubwa ni kumtaka dereva aseme kwa sauti anachokiona. Ni mbinu ya zamani ya madereva wa polisi. Chuo cha udereva cha polisi wa London, kilichoanza Hendon katikati ya miaka ya 1930, kiliwafundisha madereva wake utaratibu ambao bado unafaa: soma barabara kwanza, kaa mahali panapostahili, rekebisha mwendo, chagua gia, ndipo uongeze mafuta. Ukimtaka mtu asimulie, utajua hapohapo anaisoma barabara umbali gani. Yule dereva wa mauzo siku ya kwanza alisimulia hivi: "Gari la mbele linapunguza. Gari la mbele linaondoka." Nikamwomba ainue macho. Safari ya tatu akawa anasema: "Kule mbele basi limesimama, watu wanashuka, mmoja anaweza kukatiza. Naachia mafuta. Nyuma kuna pikipiki, imekaribia, nigusie breki mapema ianze kujipanga." Mguu uliokuwa ukirukaruka ulitulia wenyewe. Sikumfundisha breki hata kidogo.

Hapo kuna hesabu ambayo kila dereva aibebe kichwani. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Nafasi ya sekunde 2 nyuma ya mwenzako ni kama mita 44, na hiyo ni kwa lami kavu. Mvua ikinyesha, iongeze mara mbili. Kuipima ni rahisi: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu hadi wewe uipite. Kumbukeni pia kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimamia tangu breki iliposhika unakuwa mara nne. Anayetazama simu kwa sekunde 2 akiwa kwenye kilomita 100 amesafiri mita 55 bila kuona.

Watu wengi huniomba niwafundishe kuokoa gari linapoteleza. Nawaelewa, yanavutia mafunzo hayo, na mtu hutoka pale kifua mbele. Hicho kifua ndicho kinachonitia hofu. Norwe ililijaribu jambo hili kwa madereva wapya katika miaka ya 1980, kwa kuwapa mazoezi ya lazima kwenye njia yenye utelezi. Ajali za vijana wa kiume ziliongezeka badala ya kupungua. Walijifunza kwamba utelezi wanauweza, wakaufuata kwa kasi zaidi. Mimi nafundisha breki ya dharura, maana ni wengi ambao hawajawahi kuikanyaga hadi mwisho breki ya ABS, yaani ile inayozuia magurudumu yasijifunge, na pedali inapoanza kutetema mguuni huiachia kwa kudhani imeharibika. Usiiachie, kandamiza. Hayo ni mazoezi ya nusu saa kwenye uwanja. Saa zilizobaki ni za barabarani.

Kwa wenye magari binafsi, aghalabu tatizo ni hofu iliyojificha mahali pamoja. Dada mmoja alinijia kwa sababu alikuwa ameikwepa barabara kuu kwa miaka 6. Alikuwa anapita njia za ndani, akichelewa karibu nusu saa kila siku, na nyumbani hakuna aliyejua sababu. Tulipokaribia pale njia inapoungana na barabara kuu, vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye usukani. Anafika mwisho kabisa wa njia ya kuingilia, ndipo anatazama kioo. Anakuta magari yanakuja kasi, anasimama, na akishasimama hana tena mwendo wa kuingilia. Kiti chake kilikuwa chini mno. Kioo cha pembeni kilimwonyesha kitasa cha mlango. Tukainua kiti, tukakifungua kioo nje. Kisha tukafanya jambo moja tu: kuanza kutazama mapema, tangu mwanzo wa njia ya kuingilia, kuchagua pengo, na kuongeza mwendo ulingane na wa wale wanaopita. Aligeuza shingo kidogo kuona sehemu ambayo kioo hakionyeshi, akaingia. Tulirudia mara 11. Mara ya nane hivi aliacha kunishukuru na akaanza kunisimulia habari za watoto wake huku akiendesha. Hapo nikajua tumemaliza.

Sasa nizungumze na mameneja. Mnaniletea orodha ya madereva 30 na kuomba semina ya siku moja ukumbini, kila mtu apate cheti. Nafahamu kwamba cheti kinahitajika. Lakini anayesambaza mizigo mjini kwa gari la mizigo, akirudi kinyumenyume mara arobaini kwa siku, hana tatizo moja na yule anayesafiri kilomita 400 kwenda kuonana na mteja na kurudi usiku. Wa kwanza anahitaji kufundishwa kurudi nyuma, nafasi ya kuegesha, watoto na waendesha baiskeli. Wa pili anahitaji mtu wa kuketi naye kuhusu usingizi, kwa sababu kope zikishakuwa nzito, dirisha wazi na redio ya juu havisaidii. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Na hawezi kusimama kama ratiba uliyompa haina dakika hizo.

Hapo ndipo huwa navunja urafiki na baadhi ya mameneja. Naomba kuiona ratiba. Naomba pia kujua nani humpigia dereva simu akiwa barabarani. Mara nyingi ni ofisi yake mwenyewe, na ana kifaa cha masikioni wakidhani hilo limetosha, ilhali mazungumzo yanachukua akili hata mikono ikiwa huru.

Kuna jaribio la Uswidi ambalo ningependa kila mwenye magari ya kazi alijue. Shirika la simu la Televerket liliwagawa madereva wake katika makundi. Wengine walipewa mafunzo ya kuendesha, wengine walikutana kujadiliana, wengine waliahidiwa zawadi wasipopata ajali, wengine waliletewa kampeni za matangazo, na kundi moja liliachwa kama lilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na kundi lililopunguza ajali zaidi ni lile la majadiliano. Madereva walikaa pamoja, wakataja matatizo ya kazi yao, wakaamua wenyewe watabadilisha nini. Mimi ninayeishi kwa kufundisha udereva ninawaambieni hivyo bila kusita. Tangu niliposoma habari hiyo, kila ninapomaliza safari na madereva wa kampuni moja, naomba saa moja ya kukaa nao bila meneja chumbani. Ni katika saa hiyo nilipoambiwa kuhusu lango la ghala linalofungwa saa 11 jioni kamili, na mbio ambazo kila mmoja wao huzipiga kuanzia saa 10 na nusu. Hakuna mafunzo ya usukani yanayotibu lango. Saa ya kulifunga ilisogezwa mbele kwa dakika 40, basi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Nimeliweka hili mwishoni kwa sababu namba ile ni kubwa mno, mtu hawezi kuishika mkononi. Kioo cha pembeni anaweza kukishika.

Nimesema ya kutosha. Tuna dakika 30 za maswali, na kwa ruhusa ya wenyeji wetu, ningependa madereva waulize kwanza, mameneja wafuate.