Kisu kina risiti, kitanda hakina

NEEMA: Kamwene wote mnaotusikiliza, mlioko Njombe na Iringa, na nyie wa hapa Mbeya mliojifunika blanketi mbili saa hizi. Mimi Neema.

LUSAJO: Na mimi Lusajo, mtoto wa Tukuyu, dereva wa bajaji, tumbo lina mshono. Ugonile, dada Neema.

NEEMA: Ndaga fijo. Kinyakyusa changu kinaishia hapohapo, usiniongezee. Wasikilizaji, Lusajo alifanyiwa upasuaji wa henia mwaka jana, mwezi wa sita. Mimi miaka miwili kabla yake nilitolewa uvimbe kwenye kizazi. Tulikuwa tunakunywa chai pale Kabwe tukagundua wote wawili tulipiga hesabu vibaya, na kosa letu ni moja.

LUSAJO: Tulihesabu kisu.

NEEMA: Tukasahau kitanda.

LUSAJO: Mimi nilijua upasuaji utanigharimu kama laki 3 na nusu. Ya mwingine inaweza kuwa juu au chini, inategemea hospitali na una bima gani. Nikaitafuta hiyo hela miezi minne, nikaipata, nikajiona mwanaume kweli. Sasa siku ya kutoka wodini daktari ananiambia, wiki 6 usiguse kitu kizito. Nikamwitikia "sawa dokta". Nimefika nyumbani, nimelala chali naangalia bati, ndiyo nikaanza kuhesabu. Baada ya mafuta na hesabu, yaani hela ya kila siku ya tajiri mwenye bajaji, kwa siku mimi nabaki na elfu 12. Siku 6 kwa wiki, wiki 6, ni siku 36.

NEEMA: Laki 4 na elfu 32.

LUSAJO: Umeona? Kulala kulinigharimu kuliko kupasuliwa! Na kulala hakuna mtu anakuchangia. Ukisema "naenda kupasuliwa", ndugu wanatuma hela. Ukisema "nimelala", wanakwambia pumzika.

NEEMA: Halafu tajiri? Maana bajaji yako ilikuwa ya mkataba.

LUSAJO: Ya mkataba, unalipa kidogokidogo mpaka iwe yako, na ilikuwa imebaki miezi 7 iwe yangu. Elfu 20 kila siku, jua liwake, mvua inyeshe. Kwa wasiojua, bajaji ya mkataba ukikosa kupeleka hesabu siku kadhaa, tajiri anaweza kuichukua akampa mwingine, na ulichokwisha kulipa kimeenda na maji. Nimeona watu wamepoteza bajaji kwa malaria tu, sembuse henia.

NEEMA: Ukafanyaje?

LUSAJO: Hapa nitajisifu kidogo. Nilimfuata wiki mbili kabla. Sikumpigia simu, nilikwenda kwake asubuhi kabla hajatoka. Nikamwambia mzee, tarehe fulani napasuliwa, daktari kasema nitakaa nje muda mrefu, nina kijana deiwaka, wa kunishikia bajaji kwa siku, namfahamu, leseni anayo. Yeye atakuletea elfu 20 yako kamili, na mimi atanipa elfu 3 kwa siku. Mzee akakaa kimya, akauliza, "Akigonga?" Nikamwambia tuandike. Tukaandika karatasi moja, tukasaini kwa mwenyekiti wa mtaa, na shahidi mmoja.

NEEMA: Elfu 3.

LUSAJO: Elfu 3 ni unga na dagaa, dada. Usiidharau. Lakini kikubwa ni kwamba mkataba wa bajaji ulibaki jina langu. Ningenyamaza, ningerudi nikakuta mtu mwingine ameshaweka mapazia yake.

NEEMA: Huyo ni mtu aliyejiajiri. Mimi nilikuwa na mwajiri, duka la vifaa vya ujenzi, natunza stoo. Mkataba ninao, makato yanakatwa. Nikajiona niko salama. Nimepeleka ED yangu ya kwanza, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, wiki mbili, bosi anasoma, ananiambia, "Sawa, tutakukata kwenye likizo yako ya mwaka."

LUSAJO: Eeh!

NEEMA: Na mimi nikakubali! Nilikuwa na nusu kaputi kichwani bado, nitabishana na nani? Alikuja kunifumbua macho shemeji yangu, yeye kafanya kazi za utumishi. Akaniambia, Neema, likizo ya ugonjwa na likizo ya mwaka ni vitu viwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Na zile 28 za mwaka zinabaki palepale.

LUSAJO: Siku 126. Mimi kwa bajaji napata ngapi?

NEEMA: Wewe unapata elfu 3. Ila sikilizeni, kuna sharti. Mwajiri halazimiki kulipa kama hujampelekea cheti cha daktari aliyesajiliwa. Kwa hiyo ED ikiisha na bado mgonjwa, usikae nyumbani ukisema wanajua naumwa. Rudi hospitali iongezwe, piga nakala, peleka, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi nilimtuma mdogo wangu. Katibu muhtasi akasema muhuri hauna wino. Mdogo wangu akasema atasubiri wino.

LUSAJO: Huyo mdogo wako apewe kazi.

NEEMA: Nikaandika barua ya nusu ukurasa, sikumtukana mtu, nikataja sheria na tarehe za ED. Bosi hakunijibu kwa maandishi, ila mshahara ukaingia kamili na siku zangu 28 hazikuguswa. Angekataa, ningeenda ofisi ya kazi ya mkoa, na ikishindikana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikutamani kufika huko maana nilikuwa narudi dukani kulekule. Na niseme ukweli, mshahara kamili si mapato kamili. Posho ya chakula ilikatika, kazi za ziada hakuna, na mkopo wa benki haukujua kama nimepasuliwa. Makato yalipita kama kawaida.

LUSAJO: Bima je?

NEEMA: Bima ililipa hospitali, Mungu awabariki, kuna dawa mbili tu tulinunua nje. Lakini bima haikulipa bajaji ya kunirudisha kliniki Forest kila wiki, wala nauli ya mama kutoka Makambako kuja kunitunza. Mama alikaa wiki tano. Shamba lake la viazi nani aliangalia? Kibarua. Nani alimlipa? Mimi mgonjwa.

LUSAJO: Hiyo ndiyo siipendi kwenye mahesabu ya watu. Anahesabu mgonjwa mmoja. Mke wangu anauza mboga Mwanjelwa, wiki mbili za kwanza meza ilikuwa wazi kwa sababu mimi siwezi hata kuinama kuvaa soksi. Kwa hiyo nyumba ilipoteza vipato viwili.

NEEMA: Na baridi ya mwezi wa sita.

LUSAJO: Dada, usinikumbushe! Henia na kikohozi! Unakohoa umeshika mto tumboni, machozi yanatoka. Mkaa tulimaliza gunia ambalo kawaida lingefika mwezi. Kama henia yako si ya dharura na daktari amekubali upange tarehe, mimi nakushauri uikwepe baridi. Na mkulima aangalie msimu pia, usipasuliwe wakati wa kupanda.

NEEMA: Hapo uweke tahadhari, Lusajo.

LUSAJO: Ndiyo. Ukiona ule uvimbe wa henia umekuwa mgumu, haurudi ndani, unauma sana na unatapika, hiyo si ya kupanga tena. Kimbia hospitali usiku huohuo. Utumbo ukibanwa damu haipiti, na hapo tunaongea uhai, hatuongei msimu wa viazi.

NEEMA: Turudi kwenye hela. Kuna kitu ulikaribia kufanya.

LUSAJO: Wiki ya tatu. Unga umeisha, ada ya mtoto bado, na simu inaleta ujumbe, "unastahili mkopo". Halafu kuna jamaa wa mtaani wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, wenyewe wanakuja nyumbani na daftari, wanakupa pole kwanza. Laki 2, unarudisha kila siku. Nikampa kitambulisho changu cha taifa. Mama watoto akatoka jikoni, akakichukua mkononi mwa yule mtu, akaingia nacho ndani. Hakusema neno.

NEEMA: Mama watoto hoyee.

LUSAJO: Mkopo wa kulipa kila siku kwa mtu asiyeingiza kila siku! Ningeulipa kwa nini? Kwa mshono? Na unajua ingekuwaje, ningepanda bajaji wiki ya nne ili nipate rejesho, mshono uachie, nirudi tena mezani.

NEEMA: Kikoba kilisaidia?

LUSAJO: Kikoba cha mke wangu. Kina mfuko wa jamii, na katiba inasema mume akilazwa mwanachama anapewa elfu 50. Mke wangu akaenda na karatasi ya hospitali. Wakasoma. Katiba inasema "akilazwa siku tatu". Mimi niliruhusiwa siku ya pili!

NEEMA: Mgonjwa gani wewe unapona haraka hivyo?

LUSAJO: Walibishana nusu saa, naambiwa. Mwishoni wakasema katiba ni katiba, elfu 50 hapana. Ila wakakubali marejesho ya mke wangu yasimame mwezi mmoja bila faini, halafu wakaja wenyewe Jumapili, sukari kilo 3, viazi debe, ndizi mkungu mzima. Ukiipiga bei ile, ni zaidi ya elfu 50. Kwa hiyo someni katiba za vikoba vyenu mkiwa wazima.

NEEMA: Wageni ni baraka, lakini wageni pia wanakunywa chai. Mimi mama alikuwa anawaambia mlangoni, "Mgonjwa amelala, mwachieni salamu." Wengine walinuna. Sukari ilibaki.

LUSAJO: Kitu kingine, kutoa nyuzi. Nyuzi zikitoka, watu wanakuona umepona. Hata wewe unajiona. Mimi siku ya 9 nimetolewa nyuzi, kesho yake nataka kwenda kijiweni. Nesi akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia bajaji. "Njia gani?" Isyesye. Akacheka. Akasema ngozi ndiyo imefunga, ndani bado kabisa, na ukinasa kwenye tope utashuka kusukuma. Kwa hiyo ukienda kliniki usiulize tu "nianze kazi lini?" Mwambie unanyanyua nini, unakaa saa ngapi, barabara ikoje.

NEEMA: Mimi niliandikiwa kazi nyepesi mwezi mzima. Nikakaa mezani naandika stakabadhi, mifuko ya saruji wakabeba wengine. Kuna waliosema najidekeza. Sawa tu. Tuna swali la kijana wa Mafinga, anafanya kibarua kwenye mbao. Anaitwa kwa vipindi, miezi mitatu, anapumzika, anaitwa tena. Anatakiwa kupasuliwa, anauliza kama hiyo likizo ya ugonjwa inamhusu.

LUSAJO: Na kama aliumia kwa gogo?

NEEMA: Kama kaumia kazini, hilo ni dirisha lingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri anapaswa kutoa taarifa. Lakini anasema ni ugonjwa wa kawaida. Kijana, sheria inasema mwenye chini ya miezi 6 kazini hana likizo ya malipo. Ila kama umefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na ukijumlisha vipindi vinapita miezi 6, unayo. Kwa hiyo tafuta ushahidi wa siku zako, daftari la mahudhurio, meseji za malipo kwenye simu, usizifute. Nenda nazo kwa afisa kazi kabla ya upasuaji, ukiwa bado una nguvu ya kukaa kwenye benchi.

LUSAJO: Benchi lenyewe gumu.

NEEMA: Sasa umalizie, watu wataniuliza. Bajaji iliishia wapi?

LUSAJO: Nililala wiki 6 kamili, nikaongeza moja. Mkataba nikamaliza mwezi wa kwanza, kadi imeandikwa jina langu.

NEEMA: Na yule deiwaka?

LUSAJO: Yupo. Siku ninazokuja kurekodi anaiendesha yeye, hesabu analeta kwangu. Ya juzi bado sijaiona.